Uchawi na Masihara: Asili na Maana ya Kinyago na Kujigeuza katika Historia ya Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anapotaka kukitaja kile kitu kinachovaliwa usoni ili mvaaji asitambulike, ana angalau maneno mawili: barakoa na kinyago. Neno la kwanza limetoka katika Kiarabu, nalo lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake wa Omani na cha mabibi wa Unguja wa zamani. Tangu mwaka 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, limepata pia maana ya kitambaa cha kukinga mdomo na pua. Neno la pili ni la Kibantu, na maana zake ni pana zaidi. Kinyago ni sanamu ya mti. Ni umbo linaloonyeshwa kwa wari na wanagenzi katika mafunzo yao. Tena ni uso wa bandia wa mchezaji ngoma. Mkazi wa Lubumbashi hulisikia pia neno la tatu, kifwebe, ambalo ni la Waluba na Wasongye.

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili na maana ya kujificha uso na kujigeuza umbo katika mji wa Lubumbashi na nchi inayouzunguka, tangu nyakati za falme za Katanga hadi siku zetu. Swali letu ni hili: mtu anapouficha uso wake, je, anaficha au anaonyesha? Swali hilo si la mchezo. Katika karne iliyopita watu wa mji huu wamewahi kufukuzwa, kufungwa na hata kuuawa kwa sababu ya mavazi na vificho, na wengine wameuawa na watu waliojificha. Kwa hiyo mwanahistoria anayesema kwamba kinyago ni kinyago tu hajasema kitu.

Hoja tutakayoitetea ni kwamba kuna vificho vya aina mbili. Kuna kificho ambacho jamii nzima inamjua aliye nyuma yake, ingawa imekubaliana asitajwe. Na kuna kificho ambacho hakuna amjuaye aliye nyuma yake, wala hakuna awezaye kumdai jibu. Aina ya kwanza ni taasisi. Aina ya pili ni silaha. Historia ya Lubumbashi inazo zote mbili, na waandishi wengi wa zamani walizichanganya.

2.0 Maneno na Asili Yake

Yafaa kuanza na lugha, kwani ndiyo iliyohifadhi fikira za kale. Katika Kilatini, neno persona lilikuwa jina la uso wa bandia wa mwigizaji. Baadaye likawa na maana ya dhima anayoicheza, na mwisho wake likawa mtu mwenyewe, mwenye haki na wajibu mbele ya sheria. Waroma walikuwa na neno jingine, larva, ambalo maana yake ni kinyago na papo hapo ni mzimu wa mtu aliyekufa. Kwa hiyo hata huko Ulaya, kabla ya sherehe za kanivali na kabla ya usiku wa vinyago wa mwisho wa Oktoba ambao siku hizi watoto wa Marekani huuadhimisha kwa kugonga milango ya watu, uso wa bandia ulikuwa uso wa marehemu.

Kuhusu neno la Kifaransa masque, wataalamu wa asili ya maneno hawakubaliani. Wapo wanaolirudisha kwenye neno la Kilatini cha zama za kati, masca, yaani mchawi au pepo. Wapo wengine wanaolitoa katika Kiarabu maskhara, yaani mzaha au mtu anayechekwa. Mswahili hana haja ya kuelezwa neno hilo la pili, maana analo kinywani mwake kila siku: ni lile lile masihara, yaani mchezo, dhihaka, jambo lisilo la kweli. Sisi hatuwezi kuamua ugomvi wa wataalamu hao. Lakini ugomvi wenyewe una mafunzo. Upande mmoja umeona katika kinyago uchawi, upande wa pili umeona masihara. Na ukweli ni kwamba popote kinapochezwa, kinyago husimama katikati ya hayo mawili. Hutisha na kuchekesha. Anayetaka kukielewa asiliache moja kati ya hayo.

3.0 Vinyago vya Katanga kabla ya Mji

Kabla ya mji wa Elisabethville kuanzishwa mwaka 1910, nchi hii ilikuwa njia panda ya falme na biashara. Kaskazini walikuwapo Waluba na majirani zao Wasongye. Magharibi Walunda na Wachokwe. Kusini na mashariki Walamba, Wabemba na wengine. Na katikati, Bunkeya, ufalme wa Wayeke ulioanzishwa na Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, ambaye njia zake za biashara zilikuwa miongoni mwa njia zilizoleta Kiswahili katika Katanga kabla Wazungu hawajaitawala nchi. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs. Tangu hapo mamlaka ya nchi yakaanza kuvaa mavazi mengine.

Katika Wasongye, bifwebe walikuwa na kazi ya utawala. Kinyago cha kiume hutambulikana kwa utosi wake mrefu uliochongoka kama upanga wa jogoo, na kwa mistari myekundu, myeupe na myeusi iliyochanjwa usoni. Kadiri utosi unavyopanda ndivyo nguvu zake zinavyohesabiwa kuwa kubwa. Kinyago cha kike huwa cheupe zaidi, nacho hakina utosi huo. Mtafiti Dunja Hersak, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya vinyago na sanamu za Wasongye, ameeleza jinsi chama cha bifwebe kilivyohusishwa na nguvu za uchawi, na jinsi watawala walivyokitumia kusimamia utii na kuwaadhibu waliokiuka amri. Cha kike kilikuwa na kazi nyingine: kilicheza ili kuleta amani na kulijulisha kundi mabadiliko ya mwezi na ya maisha. Kwa upande wa Waluba, vinyago vingi vya jina hilo hilo huwa vya mviringo, vyenye mistari, navyo vilitoka wakati wa misiba na wa mwezi mwandamo. Hapa uchawi haukuwa kinyume cha serikali. Ulikuwa mkono wake mmoja.

Katika Wachokwe, Walunda na Waluvale, kinyago kilikuwa na makao yake katika mukanda, yaani jando. Makishi, wingi wa likishi, ni mizimu ya wahenga inayofufuka ili kuwalinda vijana waliotengwa porini. Likishi mmoja hutisha na kukimbiza watu kwa fimbo. Mwingine ni mfalme mwenye taji pana. Mwingine ni Pwo, mwanamke mzuri na mpole, ambaye ndani yake yumo mwanamume anayewafundisha wanawake mwenendo wa kike kwa kuucheza mbele yao. Upande wa Zambia, ambako mpaka wa kikoloni uliwakata watu wa mila moja, Makishi walitangazwa na UNESCO mwaka 2005, kisha wakaandikwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Jambo la kuangaliwa sana ni adabu ya siri hiyo. Sheria ya mukanda inasema kwamba mwanamke hajui kama ndani ya likishi yumo mtu. Mama anaona miguu ya mwanawe ikicheza, anautambua mwendo wake, hata sauti yake, lakini hasemi. Anakimbia anapotakiwa kukimbia, anatoa zawadi anapotakiwa kutoa. Wasafiri wa kizungu waliiona hali hiyo wakacheka, wakidhani wanawake wamedanganywa. Haikuwa hivyo. Wote walijua, na wote walijua kwamba wenzao wanajua. Siri ilikuwa mkataba, si ujinga. Na kwa kuwa kulikuwa na mkataba, mchezaji aliyetumia kinyago kulipiza kisasi chake binafsi alikuwa na wazee wa kumwita na kumhukumu. Kinyago kilikuwa na wenyewe.

Mkataba huo ndio uliovunjwa pale vinyago vilipoanza kuchukuliwa. Kinyago mashuhuri kabisa cha Waluba, kile chenye pembe kubwa zilizopinda, kilichukuliwa katika kijiji cha Luulu mwaka 1896 na afisa Oscar Michaux, na kimehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji. Watazamaji wa dunia nzima wanakifahamu umbo. Jina la aliyekivaa halikuandikwa. Uso ulibaki, mtu akapotea.

4.0 Beni: Sare ya Mshindi katika Ngoma

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910. Watu wakaja kufanya kazi migodini na kwenye tanuri za shaba kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kasai, Maniema, Ruanda na Urundi. Mji mpya haukuwa na mukanda wa pamoja wala mfalme wa pamoja. Ulikuwa na Kiswahili, mishahara, kambi na amri. Katika hali hiyo ndipo ilipoingia ngoma ya beni, ambayo upande huu iliitwa pia mbeni.

Asili ya ngoma hiyo ni pwani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameifuata kutoka Lamu na Mombasa za miaka ya 1890. Jina limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi. Mombasa kulikuwa na mashindano ya Kingi na Skochi. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa sare, walipiga gwaride, walikuwa na Kingi, Jenerali, Kapteni, Daktari, na daftari za michango. Vita vya 1914–1918 viliwachanganya askari na wapagazi wa makoloni yote. Askari wa Force Publique wa Kongo waliingia Tabora mwezi Septemba 1916. Baada ya vita, ngoma hiyo ilisafiri pamoja na watu walioachishwa uaskari na waliokwenda kutafuta kazi, ikaingia katika miji ya shaba ya pande zote mbili za mpaka. Katika Katanga wengine walijiita kwa jina la Wabelgiji wenyewe, wakagawana vyeo vya kiserikali vya Kibelgiji.

Hapa hatukuti mti uliochongwa. Kinyago ni koti, kofia, mkanda na cheo. Serikali na wamisionari walihangaishwa nacho kwa namna mbili zinazopingana. Siku moja walikidharau wakisema ni uigaji wa kitoto. Siku ya pili walikiogopa wakisema ni chama cha siri. Hofu yao haikuwa bure. Mwaka 1935, wachimba migodi wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, na watu sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya uchunguzi ilishughulika pia na habari za Mbeni, kwa kuwa chama cha ngoma kilikuwa na viongozi, wajumbe na desturi ya kutiiana. Waliokuwa wakicheza ujenerali siku ya Jumapili walijua namna ya kuwapanga watu siku ya Jumatatu.

Je, wachezaji hao walikuwa wakiwaabudu mabwana au wakiwacheka? Wasomi wamegombania swali hili kwa muda mrefu. J. Clyde Mitchell, aliyeandika mwaka 1956 juu ya kalela, ngoma iliyozaliwa na mbeni, aliwaeleza wachezaji wa Luanshya waliovaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, wakiwa na “daktari” mwenye joho jeupe na “nesi” aliyepita mstarini na kioo na kitambaa ili kila mmoja ajitazame na kujifuta. Mitchell aliona hapo tamaa ya hadhi katika mji uliopangwa na Wazungu. Mwaka 1971 Bernard Magubane alimjibu kwa ukali kwamba wanaoyapima maendeleo ya Mwafrika kwa kola na tai wanausahau ukatili uliomlazimisha kuvaa. Na kabla yake, mwaka 1952, Frantz Fanon alikuwa amekipa kitabu chake jina linalosema yote: ngozi nyeusi, vinyago vyeupe.

Sisi tunaona kwamba mabishano hayo yamekosa kitu kimoja ambacho mchezaji wa Katanga alikijua. Kwa mtu aliyetoka katika nchi ya bifwebe na makishi, kuivaa sura ya mwenye nguvu hakukuwa na maana ya kutaka kuwa yeye. Kulikuwa na maana ya kuiweka nguvu ile mahali ambapo inaweza kutazamwa, kupimwa, kuamriwa icheze na kuamriwa iache. Aliyemvaa Pwo hakutamani kuwa mwanamke. Aliyemvaa Jenerali hakulazimika kutamani kuwa Mbelgiji. Hatusemi kwamba kila mchezaji alikuwa mwanamapinduzi. Wengi walipenda tu mavazi mazuri na kuonekana na wasichana, na jambo hilo nalo ni haki ya mtu. Lakini uchawi na masihara vilikuwamo vyote viwili, na anayetaka kimoja tu amepunguza ngoma.

5.0 Majina ya Kupanga na Hofu ya Batumbula

Ikiwa Waafrika walijivika vyeo vya Wazungu, waliwavika Wazungu majina pia. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, kisha jina hilo likamwacha mtu na kuivaa dola yote, hata mkulima aliyetozwa kodi alisema Bula Matari amekuja, ingawa Stanley alikuwa amekwisha kufa. Émile Wangermée, gavana wa kwanza wa Katanga, alijulikana kwa jina la Changa-Changa, ambalo Mswahili husikia ndani yake kitenzi kuchanga, yaani kukusanya. Majina ya namna hiyo yamejaa katika Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, na ambayo Johannes Fabian aliitoa kwa maelezo na tafsiri mwaka 1990. Hiyo ni historia iliyotungwa na watu waliopika, waliofua na kutandika vitanda. Watumishi hao waliwaona mabwana bila sare na bila viatu. Wao ndio waliojua uso ulio nyuma ya kinyago cha dola.

Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja ambao hata mtumishi hakuufungua. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia na baada yake, watu wa Elisabethville na miji ya migodi waliishi na hofu ya batumbula. Ilisemekana kwamba kulikuwa na watu weusi waliotumwa na Wazungu kuvizia usiku, kuwakamata wenzao na kuwapeleka mahali pa siri ili wanoneshwe kama mifugo na kuliwa. Jina lenyewe linafanana na kitenzi kutumbua, kupasua. Rik Ceyssens aliyachunguza masimulizi hayo katika makala ya mwaka 1975, akayaita hadithi ya mnyonge. Luise White aliyarudia mwaka 2000 katika utafiti wake juu ya uvumi wa namna hiyo katika Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Waliocheka uvumi huo waliuliza: nani aliyewahi kumwona mtumbula? Lakini swali hilo linaonyesha kwamba hawakuelewa. Mtumbula alikuwa wa kutisha kwa sababu haonekani. Anaweza kuwa jirani. Anaweza kuwa mwenzako wa zamu. Hakuwa na wazee wa kumwita barazani, wala hakukuwa na mkataba juu yake. Na zama zenyewe zilifundisha hofu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville kudai nyongeza ya mshahara. Askari waliwafyatulia risasi, na miongoni mwa waliokufa alikuwa msemaji wao, Léonard Mpoyi. Katika mji ambao kazi inakula watu, uvumi wa walaji watu si upuuzi. Ni ushahidi uliotolewa kwa lugha ya vinyago.

6.0 Dola Inapovaa na Inapojificha

Baada ya uhuru, Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na Katanga ikawa Shaba. Siasa ya uhalisi ikawataka raia mwaka 1972 waache majina ya Kikristo, wanaume waache suti na tai na kuvaa abakosti. Rais mwenyewe alivaa kofia ya chui, mnyama ambaye katika falme nyingi za Kongo ni alama ya ufalme. Wanafunzi na wafanyakazi walipangwa mistari wakaimba na kucheza kuisifu serikali. Mtu aliyekwisha kuisoma historia ya beni atauona upesi mgeuko huu: zamani watawaliwa walicheza utawala kwa hiari yao siku ya mapumziko, sasa utawala uliwachezesha watawaliwa kwa lazima saa za kazi. Masihara yalitolewa nje, ikabaki amri.

Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tai zikaruhusiwa tena. Watu walicheka na kulia. Siku 17 baadaye, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi kiliijua aina ya pili ya kificho.

Katika mabweni walikuwamo vijana waliodhaniwa na wenzao kuwa wapelelezi wa serikali waliojivika uanafunzi. Mwanzoni mwa Mei baadhi yao walitambuliwa, wakashikwa na kupigwa na wanafunzi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia chuoni, umeme ukiwa umekatika. Walionusurika wamesimulia juu ya wavamizi waliofunika nyuso, na juu ya neno la siri lililoulizwa gizani ili kuwatenga wa kuachwa na wa kupigwa. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walihesabu makumi, wengine zaidi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa na kusimamisha ushirikiano wake na Zaire. Hadi leo idadi ya waliokufa inabishaniwa.

Kwa nini tumelitia jambo hili katika makala ya vinyago? Kwa sababu lina vificho viwili kwa pamoja, na vyote ni vya aina ile isiyo na wenyewe. Mpelelezi ni mtu aliyevaa uso wa rafiki. Mvamizi ni mtu asiye na uso. Mama wa mukanda aliujua mwendo wa mwanawe ndani ya likishi akanyamaza kwa adabu. Mama wa mwanafunzi wa mwaka 1990 hakuambiwa ni nani aliyemjia mwanawe usiku, akanyamazishwa kwa hofu. Kimya hicho cha pili hakifanani na cha kwanza hata kidogo, na mwandishi anayeviita vyote viwili “siri ya Kiafrika” amekosea pakubwa.

7.0 Mufwankolo: Kurudi kwa Masihara

Wakati ule ule wa chama kimoja, mji ulikuwa na kundi la waigizaji lililojulikana kwa jina la kiongozi wake wa jukwaani, Mufwankolo. Michezo yao ya Kiswahili cha Lubumbashi ilisikika redioni na kuonekana katika televisheni; Walter Schicho na Mbayabo Ndala waliitolea kitabu mwaka 1981. Waigizaji hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walipatana juu ya kisa, kisha kila mmoja akaivaa tabia yake: mlevi, mke mkali, mchungaji mwongo, chifu.

Mwaka 1986 Fabian aliwauliza juu ya msemo usemao kwamba utawala huliwa mzima, haugawanywi. Badala ya kumjibu kwa maneno, waliutungia mchezo. Kisa kikawekwa kijijini, chini ya chifu ambaye watu wake wanaanza kuacha kumheshimu. Fabian ameueleza utungaji huo hatua kwa hatua katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya utawala na uigizaji katika Shaba. Katika nchi ambayo kumsema Rais kulikuwa hatari, chifu wa kijiji alikuwa kinyago kilichokaa vizuri. Watazamaji walijua, waigizaji walijua kwamba watazamaji wanajua, na hakuna aliyetaja. Tumerudi katika mkataba wa mukanda, ila sasa uwanja ni kioo cha televisheni.

Aidha, si bahati tu kwamba mkataba huo ulirudi kwa Kiswahili. Kifaransa kilikuwa lugha ya hotuba na ya mtihani. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumba, soko na kambi, mahali ambapo watu wanajuana. Masihara yanataka watu wanaojuana.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba asili ya kinyago katika nchi hii ni mzimu na mamlaka, na kwamba mji wa shaba haukuifuta asili hiyo bali uliipa nguo mpya: sare ya beni, jina la kupanga, abakosti, mchezo wa televisheni. Tumeona pia kwamba uchawi na masihara ni mikono miwili ya kitu kimoja. Kinyago chenye uchawi bila masihara huwa udhalimu; chenye masihara bila uchawi huwa pambo la kuuzia watalii.

Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa akakabidhi kwa makumbusho ya taifa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Siku chache baadaye alihutubia hapa Lubumbashi, chuoni. Wengi walijadili kama kitu kilichochukuliwa kinaweza kukopeshwa kwa mwenyewe. Mjadala huo ni wa haki, lakini haumalizi jambo. Hata vinyago vyote vikirudi kesho na kupangwa katika vyumba vya Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, vitabaki mbao na nyuzi ikiwa hakuna ajuaye mwendo wa wachezaji, vicheko vya watazamaji, na adabu ya wale waliojua wakanyamaza.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya idara zetu za Kiswahili na za historia ni ya kusikiliza. Wazee wa Kenya, Katuba na Kamalondo waliosikia hadithi za beni kwa baba zao wanapungua. Waliokuwa wanafunzi mwaka 1990 sasa wana mvi. Wa kwanza wana siri ambazo ziliwekwa kwa ridhaa, nasi hatuna budi kuziandika kwa heshima ile ile. Wa pili wana siri waliyofungwa nayo bila kuulizwa, na hiyo haidai heshima bali jibu. Wahenga walisema usiogope kinyago ulichokichonga mwenyewe. Kinyago ambacho hatukukichonga, wala hatukuonyeshwa mkono uliokishika, ndicho tunachopaswa kukiuliza jina.